Hatua Iliyochukuliwa

Daftari la zizi la Baraza, hapa Wete, lina safu tano:
tarehe, mnyama, rangi, alipokamatwa,
na ya mwisho, pana kuliko zote:
Hatua Iliyochukuliwa.

Kwa mbuzi safu hiyo haina tabu:
karejeshwa, faini imelipwa.
Ng'ombe wa Bi Mize alilala usiku mmoja tu,
asubuhi wajukuu watatu mlangoni na kamba mpya.
Hata mkokoteni wa muuza miwa ulikuja kuliliwa.
Kwa mbwa haji mtu.

Utaratibu ni siku tatu, na tangazo ubaoni.
Tangazo naliandika mie, Time Faki, karani,
kwa mwandiko ambao kila mtu anausifu:
"Mwenye mbwa ajitokeze."
Nani ajitokeze, mji mzima ukimtazama,
aseme huyu wangu, kala ukoko wangu miaka sita?

Alikuja mmoja, siku ya pili, nafunga ofisi.
Bakar Kirobo, msasi wa Kiuyu,
mguu mmoja unaburura, nguruwe alimpasua paja.
Hakusema mbwa wangu. Alisema:
"Yule mwekundu, miye namjua.
Yuaitwa Watachoka."
Faini elfu thelathini.
Akahesabu za mfukoni, akazihesabu tena.
"Ntarudi."

Siku ya nne ikaangukia Ijumaa.
Kamati ilipata akidi saa nne na nusu,
ikapitisha taa za barabarani, taka za sokoni,
na ajenda ya saba, mbwa sita, bila ya mjadala.
Zamani, alisema mwenyekiti, ilikuwa bunduki,
watoto wakiokota maganda;
kisha nyama ya sumu, na paka wa watu wakafa nayo.
Sasa tumestaarabika.
Sindano.

Dawa aliyokuja nayo Daktari Shaame ilikuwa ya wanne.
"Igawe," mtu akasema.
Shaame alikuwa akivaa glavu, hakunyanyua uso.
"Nusu ya dozi si nusu ya kifo, mheshimiwa.
Ni kifo kizima, kirefu."
Basi wawili wangoje bajeti ya robo ijayo.

Walijibana kona ya mbali, mgongo kwa mgongo.
Fimbo ya kitanzi imekatika tangu mwaka jana.
Mlinzi aliwaza maji mara saba na udongo,
na Ijumaa yenyewe, na kanzu yake nyeupe.
Shaame akauliza, sauti ya chini,
kama yupo hata mmoja anayejulikana jina.

Nilikuwa nalo.
Nikaliita.
Akatoka kwa wenziwe, mkia ukigonga bati,
akaja mpaka kwangu, akaninusa kiganja,
pale penye wino.

Jioni nikabaki na safu pana.
Wenzangu huandika *wameondoshwa*, kama taka.
Au *wamelazwa*; lakini mjomba wangu alilazwa,
akarudi nyumbani akidai supu.
*Wamepumzishwa*: kwani nani alichoka?
Vitenzi vya kutendwa, vyote,
kazi imekwisha na aliyeifanya hayupo,
kama chungu kilichojivunja chenyewe jikoni.
Nikaandika neno moja, mwandiko uleule mzuri:
*Tumewaua.*
Mwenyekiti alitia saini bila ya kusoma.

Jumatatu Bakar Kirobo akaja na elfu thelathini,
noti za elfu mbili mbili, zimenyooka kwa kukaliwa.
Nikamfungulia daftari. Hakulitazama.
Alitazama dirishani, wale wawili.
"Nani alomshika? Yule hashikiki na asomjua."
"Nilimwita."
"Akaja?"
"Akaja."
"Ndivyo alivyo," akasema,
akaanza kuzihesabu pesa upya, moja moja, juu ya meza yangu,
kama mtu anayengoja risiti.